Umesema Mama Anatumia

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto. Natumaini kifua cha yule mdogo kimepona na mkubwa ameshaizoea shule mpya. Mara ya mwisho tulipozungumza ulilalamika mgongo kwa kukaa sana garini, nami nakuombea uwe umepata nafuu. Sisi huku tunasukuma siku. Wanangu hawajambo na wanakuulizia kila wakiona sura yako kwenye simu ya mtu. Saluni bado ipo, ingawa wateja wamepungua kwa sababu nitakayokueleza. Habari za mama nitakupa mahali pake. Usirukie chini kuzitafuta. Soma kwa mpangilio, maana barua hii nimeipanga kichwani muda mrefu na nataka uisikie yote.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Si mimi niliyechagua. Nikikupigia anapokea meneja wako, ananiuliza ni kuhusu kazi gani. Nikamwambia ni kuhusu kuzaliwa tumbo moja. Akasema atakufikishia. Nikakutumia ujumbe kwenye ukurasa wako, nikaandika kwamba ni mimi dada yako, nipigie, kuna jambo zito. Jibu lilikuja hapo hapo, na maua na mioyo myekundu: “Asante kipenzi kwa kutuamini! Kwa oda ya unga wetu, tuachie namba yako.” Kipenzi! Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka kiuno kikapinda, leo naitwa kipenzi na mtu uliyemwajiri kunijibu. Sikujua nicheke au niipige simu ukutani. Baadaye niliandika maneno machache chini ya video yako, watu wote wayaone. Yalifutwa kabla sijamaliza kumsuka mteja, na ukurasa ukafungwa kwangu. Dunia nzima inaruhusiwa kukutazama isipokuwa dada yako. Ndiyo maana nimempa mjomba barua hii, naye ameapa hataikabidhi mkononi mwa mtu mwingine hata kama atalala mlangoni kwako.

Ngoja kwanza nikukumbushe ulikotoka, kwa sababu naona umesahau. Shangazi Nyooka, huyo unayemwigiza kwenye video zako, hukumtoa hewani. Ulimtoa sebuleni kwetu. Mama alikuwa opereta wa simu kiwandani miaka yote tukiwa wadogo, na sauti yake ilikuwa ile ile kazini na nyumbani: kavu, safi, haina kona. Mkurugenzi akichelewa, mama alimwambia aliyepiga kwamba mkurugenzi amechelewa. Hakujua kusema yuko kikaoni. Jioni ulikuwa unavaa kitambaa chake cha kichwa, unashika kiunoni, unatuambia “nyookeni!” kwa sauti hiyo hiyo, naye mama anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upindo wa nguo. Ulipoanza kujirekodi, nani alikushikia simu? Mimi hapa. Nilikushikia nikiwa na rangi ya nywele vidoleni, mpaka leo ile simu ina doa.

Watu walimpenda Shangazi Nyooka kwa sababu moja tu, kwamba hadanganyi. Mume mlevi anaambiwa usoni. Bosi mchoyo anaambiwa usoni. Watu wanaoambiwa uongo asubuhi mpaka jioni, ofisini, hospitalini, kwenye mabango, walipata mtu mmoja wa kuwaambia ukweli, hata kama ni kwa mzaha. Ulipoanza matangazo hatukukusema. Ulitangaza sabuni, tukapiga makofi. Sabuni ikikataa kutoa povu, mtu atanunua nyingine kesho. Ulitangaza viatu, tukavinunua, vikabanduka soli, tukacheka. Hakuna aliyekuwekea kinyongo kwa soli.

Sasa njoo kwenye unga.

Siku video ilipotoka, saluni ilikuwa imejaa. Mama mmoja alikuwa chini ya mashine ya kukaushia, rola kichwani, simu mkononi, akapiga kelele kwamba Shangazi ametoa kitu kipya. Wakajazana. Mimi nilikuwa nimeshika kitana, nikasogea na mimi kuangalia, tena kwa furaha, nakuapia. Ulikuwa umekaa kwenye kochi jeupe, kopo la kijani mapajani. Ukasema, na maneno haya nayajua kwa moyo kwa sababu nimeyasikia mpaka yamenichosha: “Wanangu, nyookeni! Mimi sisemi nisilolijua. Mama yangu mzazi, huyu ninayemwiga kila siku, alikuwa na sukari iliyowashinda madaktari. Akaanza kunywa unga huu asubuhi na jioni. Leo vidonge ametupa. Daktari mwenyewe amebaki mdomo wazi.”

Saluni nzima iligeuka kunitazama. Walitaka nithibitishe. Mama ninaishi naye mimi, wanajua. Mdogo wangu, mama hakuwa amewahi kuliona hilo kopo hata kwa macho. Vidonge vyake vilikuwa palepale kwenye meza ya kitanda, karibu na miwani. Nikawaambia hivyo hivyo, kwamba nyumbani kwetu hakuna unga wa namna hiyo, mama anameza dawa za hospitali na sukari yake inakaa sawa kwa sababu ya hizo dawa na kwa sababu anakula anachotakiwa kula. Unajua walinijibu nini? Yule wa rola akacheka, akasema kila familia ina mmoja aliyefanikiwa na mmoja wa kununa. Wenzake wakacheka naye. Mwingine akanishauri nisionyeshe wivu mbele za watu, haupendezi. Nimesimama hapo, ninayekaa na mama, ninayemkata kucha za miguu kwa uangalifu kama ninatoa mwiba kwa mtoto, na neno langu halina uzito mbele ya kochi jeupe.

Nilikupigia siku ile ile, na wakati huo ulikuwa bado unapokea mwenyewe. Sijui kama unakumbuka. Nilikuuliza kwa nini umesema mama anatumia wakati hatumii. Ukacheka. Ukaniambia:

“Dada, yale maneno nimeandikiwa. Kila mtu anajua ni tangazo.”

Nikakuambia watu hawajui. Ukasema watu siku hizi ni wajanja, wanajua msanii analipwa, na anayetaka kuamini aamini kwa hiari yake. Halafu ukasema kuna watu wanakusubiri, ukakata. Maneno hayo, kwamba kila mtu anajua, nilikwenda nayo kazini, nikarudi nayo, na kila siku yalinichoma zaidi. Kama kila mtu anajua, mbona walikulipa? Nani analipa kwa neno lisiloaminiwa? Walikulipa kwa sababu ya wale wasiojua.

Mmoja wa wasiojua ni Mwalimu. Nikisema Mwalimu unajua ninayemsema, yule aliyetufundisha wote wawili kusoma, wewe akakushika mkono kabisa ulipokuwa unaandika herufi zikitazama nyuma. Ameshastaafu, anaishi peke yake mtaa wa pili, na nywele zake nimezitengeneza mimi tangu nifungue saluni. Yeye ni mtu wa sindano za sukari. Anajichoma mwenyewe tumboni, na alikuwa hajawahi kuruka hata siku tuliyomzika mumewe. Wiki chache baada ya video alikuja kuoshwa nywele, akaniambia anafikiria kupumzisha sindano ajaribu unga wa Shangazi. Nilizima maji. Nilimgeuzia kiti nikamtazama usoni, nikamwomba asifanye hivyo, nikamwambia tangazo ni la kutunga na mama hatumii kitu. Akanisikiliza kwa adabu yake, unavyomjua, kichwa kimeinama kidogo kama anasikiliza mwanafunzi asiyefanya kazi yake ya nyumbani. Akasema hataniamini mimi wala simu, atauliza panapohusika.

Aliporudi mara ya pili alikuwa mchangamfu. Nikamuuliza kuhusu sindano. Akasema ameshauliza panapohusika na ameridhika, na tafadhali nisimgombanishe na watu. Sikuelewa panapohusika ni wapi. Nilidhani amekwenda zahanati akakutana na mtu mvivu. Nikabishana naye tena mbele ya wateja, akavaa kitambaa chake kabla nywele hazijakauka, akaondoka, na wengine wawili wakaondoka nyuma yake. Tangu hapo saluni ikapata sifa kwamba mwenyewe ni mtu wa husuda.

Kilichotokea kwa Mwalimu nakieleza kwa kifupi kwa sababu kukieleza kwa urefu ninashindwa. Alipata mchubuko wa kiatu kwenye kisigino. Mtu mwingine angeusahau baada ya wiki. Yeye ulioza. Kwa kuwa alikuwa anakunywa unga asubuhi na jioni, na kwenye ukurasa wako wanasema mwanzoni mwili “unatoa sumu”, alidhani kidonda ni sumu inayotoka. Nimeyasoma hayo maneno mwenyewe. Majirani walimkuta sakafuni jikoni, hajitambui. Walipomfikisha hospitali ilikuwa imebaki kuchagua kati ya mguu na roho. Wameukata chini ya goti. Nilikwenda kumtazama, akanishika mkono, akaniomba nimletee kitana. Nilimchana pale kitandani. Hakuzungumza habari za unga wala habari zako. Mimi ndiye niliyetoka nje nikapiga ukuta kwa ngumi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina mgonjwa au mimi ndiye mgonjwa.

Basi nikafunga saluni, nikachukua lile kopo kutoka kwa Mwalimu, nikaenda kwenye ofisi yao. Anwani imeandikwa chini ya kopo kwa herufi za kumtafutia mtu upofu. Ni ghorofani, juu ya duka la mapazia. Ukiingia unakutana na picha yako, mrefu kama mlango, kidole juu, umevaa kitambaa cha mama. Kijana wa mapokezi alikuwa mpole, akanipa maji. Akatoka bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, nikamweleza mguu wa Mwalimu mwanzo hadi mwisho. Hakubisha hata kidogo. Aliligeuza kopo, akanionyesha mstari chini kabisa unaosema hii si dawa na mtumiaji amwone daktari. Akasema wao wanauza lishe tu. Nikamwambia Shangazi alisema mama yake ametupa vidonge. Akafungua mikono, akasema hayo ni maneno ya msanii, wao hawawezi kumfunga msanii mdomo. Nikamwambia msanii anasema ameandikiwa. Akatabasamu kwa huruma, akasema wasanii ndivyo walivyo.

Nilimpigia meneja wako nikiwa palepale kwenye ngazi. Naye akasema kampuni ndiyo yenye vibali, ndiyo yenye wataalamu, msanii anasoma anachopewa. Wamenirushia mpira hivyo mpaka betri ya simu ikaisha. Halafu unajua nini? Nilipokuwa nashuka, kijana wa mapokezi alinikimbilia na mfuko. Bwana wake amesema pole kwa usumbufu. Ndani kulikuwa na kopo jingine, jipya, la bure. Mguu wa mtu umekatwa, wakanipa kopo. Nililiacha palepale kwenye ngazi, katikati, atakayejikwaa ajikwae.

Kesho yake, nimerudi saluni, ndipo nilipoandika chini ya video yako. Niliandika: “Mimi ni dada yake. Mama hatumii unga huu na hajawahi kuutumia. Msiache dawa zenu.” Mkanifuta.

Sasa ninafika kwa mama. Kama umekaa, endelea kukaa.

Mimi natoka nyumbani asubuhi na mapema, narudi jioni, unajua. Niliona mama anapungua, nikadhani ni huzuni ya Mwalimu, maana ni rafiki yake. Niliona anaamka mara nyingi kwenda msalani, nikadhani ni umri. Nilipomuuliza dawa, alinionyesha pakiti mpya kutoka kliniki, ambazo alikuwa anakwenda kuzichukua kama kawaida. Siku moja mchana jirani alinipigia simu, akasema mama ameshindwa kunyanyuka kwenye kiti cha barazani, miguu imevimba, na anaongea vitu visivyoeleweka. Nilimwacha mteja nusu kichwa kimesukwa. Huyo mteja alinifuata hospitali na nusu yake ile, akanishikia mkoba mpaka mwisho. Mungu ambariki.

Sukari ilikuwa juu mpaka kipimo kikashindwa kuisoma. Figo zimeharibika, hazifanyi kazi tena kwa kuaminika. Macho yanaona ukungu. Alipopata fahamu, daktari alimjia na hasira, akamuuliza mbele ya wodi nzima ni nani aliyemwambia aache dawa. Mama akajibu kwa ile sauti yake, kavu, safi, kwamba ameacha kwa akili yake mwenyewe na hakuna aliyemwambia kitu. Daktari akaandika, akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama. Kuacha dawa? Mama?

Nilivuta pazia, nikakaa kitandani kwake, nikamwambia sitoki hapo. Akaniambia, na ninakuandikia alivyosema, sijaongeza chumvi.

Alisema video ilipotoka, watu walianza kumuuliza njiani kama ni kweli anatumia. Mwanzoni alikuwa anacheka tu na kupita. Halafu akaja Mwalimu nyumbani, akakaa kabisa, akamuuliza kwa utulivu, mtu mzima kwa mtu mzima, kwa sababu anataka kujua kabla hajaacha sindano. Hiyo ndiyo panapohusika. Alikwenda kwa mama. Na mama akamjibu ndiyo, ninatumia, na ninaendelea vizuri.

Nilimuuliza kwa nini. Nilipaza sauti, wodi ikasikia, sijali. Akasema:

“Ningesemaje? Nimwambie mwalimu wake kwamba mwanangu ni mwongo?”

Akasema neno lilipomtoka tu, lilimkaa kooni. Hajawahi kumdanganya mtu maishani mwake, na aliyemdanganya ni rafiki yake. Hakuweza kulirudisha bila kukuaibisha. Njia aliyoiona ilikuwa moja, kulifanya liwe kweli. Akapiga simu kuagiza kopo, kama mteja mwingine yeyote. Hakusema yeye ni nani. Aliyepokea alimwita kipenzi. Akaanza kunywa asubuhi na jioni, na vidonge akawa anavichukua kliniki, anavificha ndani ya begi la nguo za baridi, kwa sababu wewe ulisema ametupa vidonge. Ulisema, basi akatupa. Akaendelea kunywa hata baada ya mguu wa Mwalimu kukatwa. Nilimuuliza hata hapo aliendeleaje, akasema hapo ndipo alipokunywa kwa bidii zaidi, labda Mungu angeona kwamba hakudanganya kwa makusudi, au labda angemfanya na yeye aumwe sawasawa na mwenzake.

Umeelewa ulichokifanya? Sitaki uniambie uliandikiwa. Aliyekuandikia hamjui mama. Wewe unamjua. Ulijua kuna mtu mmoja duniani asiyeweza kusema uongo, ukachukua sauti yake, ukachukua kitambaa chake, ukachukua ugonjwa wake, ukaviuza, halafu ukamwachia yeye kazi ya kuwajibu majirani. Nimewahi kukukasirikia tulipokuwa wadogo, ukivunja kitu nikachapwa mimi. Ile haikuwa hasira. Hasira nimeijua mwaka huu. Nikikusikia kwenye simu za wateja naogopa kushika mkasi.

Alipotoka hospitali, jambo la kwanza alilotaka ni kupelekwa kwa Mwalimu. Nilimkataza, akavaa viatu. Tulikwenda polepole, ameniegemea begani, tukipumzika kila palipo na ukuta. Mwalimu alikuwa barazani kwake, magongo yameegemezwa mlangoni. Mama hakukaa hata alipokaribishwa. Alisema yote akiwa amesimama: nilikudanganya, nilikuwa situmii, nimeanza baada ya wewe kuondoka, niliona aibu kwa ajili ya mtoto.

Mwalimu hakulia wala hakupiga kelele. Alitazama mguu uliobaki. Kisha akasema yeye ile simu hakuiamini sana, ndiyo maana alikuja kuuliza, na kwamba mama angesema hapana, jioni ile ile angerudi kwenye sindano zake. Mama akaanza kulia, mdogo wangu, kilio ambacho hatukukisikia hata baba alipofariki. Mwalimu hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka akamaliza, halafu akasukuma kiti kwa gongo, mama akakaa. Wakakaa hivyo, wazee wawili. Baadaye Mwalimu akauliza kama wewe unajua. Mama akasema hujui na hutakiwi kujua, una kazi, una jina, ukijua utavunjika. Mwalimu akasema:

“Basi bado unamdanganyia.”

Njiani kurudi mama aliniomba nimwahidi kwamba sitakuambia. Sikumwahidi. Nilimshika mkono vizuri tukavuka barabara.

Mwezi mzima nimekaa na maneno ya Mwalimu. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kukupata, nikasema labda mama yuko sahihi, nikuache tu na umaarufu wako. Kilichonikalisha chini kuandika ni jambo la juzi. Mteja alikuwa anaangalia ukurasa wako, nikamwomba simu. Video bado ipo. Watu bado wananunua. Chini yake mwanamke mmoja ameuliza, kwa uzuri kabisa, kwamba mama yako anaendeleaje na ile sukari. Na ukurasa wako umemjibu: “Mama ni mzima kabisa, anawasalimu sana!” Na mioyo mitatu. Niliisoma nikiwa nimetoka kumrudisha mama kutoka kwenye mashine ya kusafisha damu, bado ana plasta mkononi.

Sikuombi hela. Shemeji akitaka kutuma, mwambie asitume. Ninachotaka ni hiki. Itoe hiyo video leo, kabla hujanipigia. Kisha ukae mbele ya simu bila kochi, kichwa wazi, useme kwa jina lako ulilopewa na wazazi kwamba mama hakuwa anatumia, kwamba aliyeacha sindano kwa neno lako amepoteza mguu, na kwamba anayekusikiliza arudi kwa daktari wake. Useme lote. Watakucheka, watakutukana, kazi zitapungua. Naijua hiyo hali, nimeishi nayo saluni tangu siku ya kwanza, na bado ninaamka asubuhi. Usinitumie meneja. Akija nitamwosha kichwa kwa maji ya moto.

Na kama hutaki kusema, basi nitasema mimi. Mnaweza kunifuta ukurasani, ila kinywani hamwezi. Kila anayekaa kwenye kiti changu anasikia habari hii tangu nywele zikiwa mbovu mpaka zikiwa nzuri, na wale walioniita mwenye wivu wameanza kurudi mmoja mmoja, wanakaa, wanaomba nirudie pale kwenye dawa. Wawili wamerudi kliniki. Yule wa rola ni mmoja wao. Bado hajaniomba radhi, ila ameacha kunitazama usoni, na kwake hiyo ni hatua.

Karatasi zinaniishia. Wanangu wanakusalimu, na yule wa mwisho anauliza utakuja lini kumwonyesha jinsi ya kujirekodi, sijamjibu. Mjomba utamwona mwenyewe, mpe chai, ametoka mbali. Mwalimu nilimuuliza kama ana neno la kukuletea, akasema hana. Salamu za mama mmewapa wafuasi wako. Mimi sina za kukupa wewe, kwa sababu hajui kwamba nimekuandikia, na ninapoandika hapa amelala chumba cha pili, akiamka ataniuliza ninaandika nini na itabidi nimwambie.

Siku zake za mashine ni Jumanne na Ijumaa. Tunaingia asubuhi, tunatoka mchana. Pembeni ya kitanda kuna viti viwili, kimoja huwa ninawekea mkoba.

Ni mimi,
Dada yako.